Kiwanda cha Korosho Hufa Mwezi Machi: Barua ya Wazi kwa Wabunge wa Mikoa ya Korosho

Waheshimiwa Wabunge wa Mtwara, Lindi, Ruvuma, Pwani na Tanga,

Nawaandikia kutoka Newala wakati wa palizi, nanyi mkiwa Dodoma kwenye Bunge la bajeti. Huku kwetu ndio wakati mgumu kuliko yote ya mwaka. Fedha za msimu uliopita zimekwisha, mikorosho inataka kusafishwa na kupuliziwa, na mavuno yako mbali. Kwa hiyo mkiona barua hii haina maneno matamu, jueni imeandikwa katika miezi gani.

Kila kiongozi anayekuja Kusini hutuahidi kwamba siku si nyingi korosho ghafi haitavuka tena bandari ya Mtwara, zote zitabanguliwa hapa hapa. Tunapiga makofi, na makofi hayo ni ya haki. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa takriban kilo moja ya korosho iliyobanguliwa. Zile kilo tatu na zaidi zinazobaki ni maganda, tunayoyalipia nauli ya meli hadi India na Vietnam, na ndani ya maganda hayo mna mafuta ambayo viwanda vya huko huyauza kwa watengeneza rangi na vifaa vya breki. Kazi ya kubangua, kumenya na kupanga madaraja imelisha familia za Kollam, jimboni Kerala, tangu kabla ya uhuru wetu, na sasa inalisha za Binh Phuoc, kusini mwa Vietnam. Sihitaji kushawishiwa kwamba kazi hiyo ingefaa kuwa Masasi.

Ninachokiogopa ni njia mtakayoipitia kufika huko. Nimesikia wengine wenu wakitaka sheria ipige marufuku usafirishaji wa ghafi kuanzia tarehe fulani, kana kwamba viwanda vitaota kwa sababu mlango umefungwa. Nawaomba msikubali marufuku ya namna hiyo.

Viwanda tulikuwa navyo. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 Serikali ilikuwa imejenga viwanda kumi na viwili vya kubangua korosho, kwa mikopo ya nje ikiwemo ya Benki ya Dunia, na mashine kutoka Italia na Japani. Newala tulipata, Masasi wakapata, Mtama, Nachingwea, Tunduru, Lindi, hata Kibaha. Kwa pamoja vilikuwa na uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Hesabu ya mezani ilikuwa nzuri, kwa sababu msimu wa 1973/74 tulivuna takriban tani 145,000. Lakini wakati mashine zinasimikwa, korosho ilikuwa inaporomoka. Operesheni ya vijiji ilikuwa imewahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei aliyolipwa mkulima haikumshawishi kurudi kupalilia, kisha ukaja ugonjwa wa ubwiriunga ukachoma maua. Kufika msimu wa 1986/87 nchi nzima ilivuna chini ya tani 20,000. Viwanda vingi vilisimama kabla havijachakaa. Baadaye vikabinafsishwa, na baadhi yake vikageuzwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi inayosubiri meli. Majengo ya kubangulia yakawa mahali pa kupumzikia korosho isiyobanguliwa! Mtu akiwaambieni tatizo letu ni kukosa mashine, mpelekeni akayaone.

Hilo halikuwa la kwanza Kusini. Wazee wa Nachingwea walituhadithia mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufutwa 1951 baada ya kuzamisha pauni milioni 36. Matrekta yalifika kabla ya mtu kuuliza udongo unasemaje. Cha maana kilichobaki ni bandari ya Mtwara, ambayo ilijengwa kwa ajili ya karanga zisizoonekana. Reli yake iling'olewa.

Sasa nije kwenye kiini. Zao letu huingia sokoni kati ya Oktoba na Januari. Kiwanda kinachotaka kufanya kazi mwaka mzima hakina budi kununua chakula chake cha miezi kumi na miwili ndani ya miezi mitatu au minne. Chukulieni kiwanda cha wastani tu, cha tani 5,000 kwa mwaka. Tuseme bei ya mnadani ni shilingi 3,000 kwa kilo. Kabla ya mwezi Februari mwenye kiwanda awe ametoa shilingi bilioni 15 taslimu, kisha azirudishe kidogo kidogo kadiri anavyobangua na kuuza. Tuseme amekopa kwa riba ya asilimia 15. Kwa kuwa ghala lake linapungua polepole hadi msimu mwingine, kwa wastani atakuwa na nusu ya deni hilo mwaka mzima, na riba itakuwa zaidi kidogo ya shilingi bilioni 1.1. Igawanyeni kwa kilo milioni tano, inakuja kama shilingi 225 kwa kila kilo.

Mnunuzi wa kusafirisha ghafi naye ananunua mnada ule ule. Lakini yeye akipakia meli na kulipwa baada ya miezi miwili, hata kwa riba ile ile, anabeba shilingi 75 kwa kilo. Na mara nyingi hakopi kwa riba ya kwetu. Mbanguaji wa Mtwara anaingia mnadani akiwa ameachwa nyuma shilingi 150 kwa kilo kabla hajawasha mashine, hajalipa umeme, wala hajamlipa mama mmoja wa kumenya. Matokeo yake ananunua kidogo anachokimudu, anabangua Novemba hadi Februari, na ikifika Machi wafanyakazi wanaambiwa warudi nyumbani hadi watakapoitwa. Kiwanda kinachofanya kazi miezi minne kwa mwaka hakiwezi kurudisha gharama ya mashine. Ndiyo maana kinakufa, hata kama mwenye nacho ni mtu makini na mashine ni mpya.

Najua jibu lenu. Mtasema upo ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje, asilimia 15 ya thamani yake bandarini au dola 160 kwa tani, kutegemea ipi ni kubwa, na ushuru huo unamwinua mbanguaji wa ndani. Kweli, kwa karatasi unamwinua kuliko riba inavyomshusha. Ila haumpi zile bilioni 15 mkononi. Nafuu ya ushuru huonekana kwa aliyekwisha kununua, na yeye hajanunua.

Tena, Waheshimiwa, ushuru ule analipa nani? Anayeandika hundi ni msafirishaji. Lakini kabla ya kuweka bei yake mnadani anaanza na bei ya Vietnam, anatoa nauli, anatoa gharama za bandari, anatoa ushuru, anatoa faida yake, na kilichobaki ndicho anachotupa sisi. Ushuru unatoka kwenye kilo yangu. Mkulima wa Tandahimba anachangia ujenzi wa viwanda vya korosho tangu ushuru huo uanze, na anachangia zaidi ya mwekezaji yeyote aliyewahi kukata utepe huku. Halafu kuna ushuru wa halmashauri, chama cha msingi, chama kikuu, ghala na usafirishaji. Hayo makato mnayajua, mlishayasikia kwenye mikutano hadi mkachoka.

Zamani asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha ghafi ilirudi kuliendeleza zao: pembejeo, utafiti wa kituo cha Naliendele, miche mipya. Juni 2018 Bunge likabadilisha sheria, fedha zote zikaenda Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa Kusini wa wakati ule, wa chama tawala na wa upinzani, walisimama pamoja kupinga, wakashindwa. Kumbukumbu za Bunge zipo, zisomeni. Nasema hivi si kwa kufukua makaburi. Salfa na viuatilifu vya ruzuku tulivyogawiwa misimu ya karibuni vimesaidia sana, na uvunaji umepanda kuliko wakati wowote katika historia ya zao hili. Msimu wa 2024/25 ulipita tani 500,000. Anayestahili sifa apewe. Lakini kadiri tunavyovuna zaidi ndivyo fedha ya kununulia msimu mzima inavyozidi kuwa kubwa, na hapo ndipo marufuku inapokuwa hatari.

Mwaka 2018 tuliona kwa macho inavyokuwa mnunuzi akibaki mmoja. Msimu uliotangulia, 2017/18, tulivuna zaidi ya tani 313,000 na bei ilifika shilingi 4,000 kwa kilo. Oktoba iliyofuata bei za minada ya mwanzo zikashuka hadi chini ya shilingi 3,000, wakulima wa Newala na Tandahimba tukagoma kuuza. Novemba Rais Magufuli akatangaza Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na magari ya Jeshi yakaja kuzisomba. Nani asingefurahi? Tulifurahi. Ilisemwa pia zitabanguliwa nchini. Kisha tukasubiri uhakiki wa mashamba, tukasubiri malipo, wengine hadi mwaka uliofuata ukiwa umekwenda mbali. Viwanda vya kuzibangua havikuwepo vya kutosha. Mkataba wa kuuza tani 100,000 kwa kampuni moja ya Kenya ukavunjika. Korosho zikakaa ghalani zikisubiri mnunuzi mwingine, na sehemu kubwa ikaja kuuzwa ghafi vilevile, kwa kuchelewa.

Sitaki kubishana kama nia ilikuwa njema. Ninachotaka mkione ni kalenda. Afrika Magharibi huanza kuvuna Februari. India na Vietnam nazo huanza karibu wakati huo huo. Oktoba hadi Januari maghala ya wabanguaji wa dunia yanapungua, na korosho mpya inayotoka kwa wingi ni ya upande wetu huu wa kusini mwa ikweta. Ile bei nzuri tunayopata ni bei ya miezi hiyo. Korosho ya Mtwara ikivuka Machi bila mnunuzi inapambana na mlima wa korosho za Côte d'Ivoire, na inapambana ikiwa imeshalala na kupoteza uzito. Sasa fikirini sheria imepitishwa, ghafi haitoki, na viwanda vyetu vina fedha ya kununua robo tu ya zao. Robo tatu zitanunuliwa na nani, kwa bei gani? Msimkabidhi mkulima kwa mnunuzi ambaye hana haja ya kushindana.

Jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma walionja pande zote mbili za kosa hili. Msumbiji iliwahi kuongoza dunia kwa korosho, na kwa miaka mingi iliwalinda wabanguaji wake huku mkulima akilipwa bei duni hadi akaacha kupanda mikorosho. Mwaka 1995 Benki ya Dunia ikaishinikiza ishushe ushuru wa kusafirisha ghafi, kwa hoja kwamba mkulima atanufaika. Viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, maelfu ya wafanyakazi wakaachishwa. Na mkulima? Wachumi Margaret McMillan, Dani Rodrik na Karen Horn Welch walipofanya hesabu baadaye, waliona faida aliyoipata kutokana na mageuzi hayo ni kama dola tano tu kwa kaya kwa mwaka. Zilizobaki zilimezwa njiani na wafanyabiashara. Mwaka 1999 Bunge la Maputo likarudisha ushuru juu, kati ya asilimia 18 na 22, lakini viwanda vikubwa havikufufuka kwa ushuru peke yake. Vilivyoibuka baadaye, hasa Nampula, vilikuwa vidogo, vya kubangua kwa mkono, karibu na mashamba. Somo la Msumbiji hupenda kutumiwa na kila upande kwa nusu inayoupendeza. Mimi nalisoma lote.

Côte d'Ivoire wamechukua njia nyingine. Wanaongoza dunia kwa kuzalisha, na hawakusubiri marufuku iwafanyie kazi: waliweka ruzuku ya faranga 400 kwa kila kilo iliyobanguliwa na kusafirishwa, fedha inayomfikia mbanguaji baada ya kufanya kazi, si kabla. Wanachobangua bado ni kidogo kuliko wanachovuna, lakini kimepanda sana.

Basi mfanye nini? Sheria ya Stakabadhi Ghalani ya mwaka 2005 ndiyo iliyotutoa kwenye mikono ya walanguzi. Tangu msimu wa 2007/08 korosho yangu ikifika ghalani inageuka karatasi yenye thamani, na benki inaitambua. Itumieni sheria hiyo hiyo kwa mbanguaji. Anunue mnadani kwa bei ya ushindani, korosho zikae kwenye ghala lenye leseni chini ya mtunzaji asiye yeye, benki ishike stakabadhi, na kila akilipia tani mia moja atolewe tani mia moja akabangue. Dhamana ni korosho yenyewe. Benki haihitaji kuuliza nyumba yake iko wapi. Hatari inayobaki ni bei ya dunia kuanguka katikati ya mwaka, na hiyo ndiyo kazi ya ushuru wa kusafirisha ghafi: sehemu yake itengwe kisheria kuwa mfuko wa kufidia hatari hiyo na kupunguza riba. Benki ya Maendeleo ya Kilimo tayari ina mpango wa dhamana kwa wakulima wadogo, kwa hiyo hatuombi kitu kisichojulikana. Na Benki Kuu mwaka 2021 ilitangaza shilingi trilioni moja kwa mabenki yatakayokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Ulizeni Bungeni, kwa swali la msingi na la nyongeza: katika trilioni hiyo, wabanguaji wa korosho wamefikiwa na kiasi gani?

Wakumbukeni pia wanawake wa vikundi. Hawa wamebangua majumbani miaka yote hiyo viwanda vikiwa vimefungwa, vidole vimeungua kwa mafuta ya maganda, na korosho zao ndizo mnazonunua stendi ya Mtwara mkirudi Dodoma. Mnadani korosho huuzwa kwa shehena kubwa kubwa. Kikundi kinachotaka magunia ishirini hakina pa kusimama. Wakinunua mtaani wanaambiwa ni kangomba, yaani ulanguzi wa nje ya mnada, wanakamatwa pamoja na walanguzi halisi. Wapeni dirisha lao: kiasi kidogo, moja kwa moja kutoka chama cha msingi, kwa bei ya mnada wa mwisho. Hakuna mwekezaji anayehitajika kwa hilo, ni waraka tu.

Kuhusu kangomba yenyewe, nitasema kidogo. Mkulima anayeuza mazao yake Juni, yakiwa bado maua, kwa bei ya kibaba, hafanyi hivyo kwa ujinga. Mwenye njaa hana miiko. Kiwanda kinakosa fedha Novemba, mkulima anakosa fedha Juni, na kati yao anasimama mtu mwenye fedha miezi yote. Polisi hawajamwondoa na hawatamwondoa. Mkopo mdogo wa palizi kupitia chama cha msingi, unaokatwa kwenye malipo ya kwanza, ungemnyima riziki haraka zaidi.

Na hiyo marufuku? Kama lazima iandikwe, iandikeni kwa kipimo, si kwa tarehe. Kiasi cha ghafi kitakachozuiwa kutoka kisizidi kiasi ambacho viwanda vya ndani vilinunua na kukilipia mnadani msimu uliotangulia. Viwanda vikinunua tani 60,000, basi 60,000 zibaki. Vikinunua 200,000, zibaki 200,000. Hapo kiwanda kitajenga haki yake kwa kununua kwa bei ya soko, na mnada utabaki hai mpaka siku ambayo wabanguaji wetu wenyewe ndio watakaokuwa washindani wakubwa ndani yake. Siku hiyo hamtahitaji sheria ya kufunga mlango.

Hotuba ya makadirio ya Wizara ya Kilimo itasomwa mbele yenu, na Muswada wa Fedha utafuata Juni. Humo ndimo ushuru wa korosho unamoamuliwa, na si kwenye mikutano ya hadhara ya Oktoba. Nawaomba msimame kama walivyosimama wenzenu mwaka 2018, safari hii mkiwa na pendekezo mkononi: sehemu ya ushuru itengwe kisheria kwa mtaji wa msimu wa wabanguaji, na marufuku isipitishwe bila kipimo. Mkishindwa, tuleteeni majina ya waliokataa.

Wenu,
Mkulima wa korosho na mwanachama wa chama cha msingi,
Newala, Mtwara